Bure ni ya Nani? Usiku wa Mwisho wa Tamasha la Kinshasa, Septemba 1974

1. Utangulizi

Neno bure katika Kiswahili lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho bila malipo. Kazi ya bure ni ile iliyofanyika bila faida. Asemaye "nimepewa bure" anafurahi, na asemaye "nimechoka bure" analalamika, ingawa wote wawili wametumia neno lile lile. Tena Kiswahili hakichanganyi bure na huru. Mtu aweza kuingizwa mahali bure pasipo kuwa huru kukataa kuingia. Na mwingine aweza kuwa huru kabisa lakini akabaki nje ya lango kwa kukosa kiingilio.

Tofauti hizi zinastahili kuzingatiwa na kila anayechunguza historia ya muziki katika nchi yetu, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki ambao wazazi wetu waliusikia ukipigwa mbele ya macho yao hawakuulipia kwa tiketi. Waliusikia matangani, barabarani, katika kambi za wafanyakazi, katika sikukuu za Serikali na katika viwanja vya michezo. Lakini muziki usiolipiwa mlangoni hulipiwa penginepo. Wapigaji wamekula, vyombo vimenunuliwa, uwanja umewashwa taa. Basi aliyelipa ni nani, na alitaka nini?

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuuangalia usiku mmoja unaojulikana mno, yaani usiku wa Jumanne tarehe 24 Septemba 1974, ambapo tamasha la muziki lililoitwa Zaire 74 lilifikia kilele chake mjini Kinshasa, na milango ya uwanja ikafunguliwa kwa wananchi bila kiingilio. Kabla ya kufika hapo yatupasa kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa watu walioingia uwanjani usiku ule hawakuwa wageni wa muziki wa bure. Walikuwa na desturi zake za namna mbili, na desturi hizo zote mbili zinatusaidia kuuelewa usiku wenyewe.

2. Bure ya kupokezana

Desturi ya kwanza ni ile ya ngoma. Katika ngoma ya kijijini, na hata katika matanga ya mjini hivi leo, hakuna mlango, na pasipo mlango hapana tiketi. Hata hivyo hakuna ajaye mikono mitupu. Mwenyeji hutoa pombe na chakula. Mgeni hutoa sauti yake, makofi yake, miguu yake, na pesa kidogo za kumtuza mpigaji aliyemgusa moyo. Pesa hiyo hubandikwa kwenye paji la uso wa mpigaji, hadharani, ili kila mtu aone. Aliyekuja leo kwangu, kesho nitakwenda kwake. Bure ya namna hii ni deni linalozunguka, nalo halikusudiwi kwisha.

Mfano ulio karibu sana na wanafunzi wa Kiswahili ni ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Waanzilishi wake waliiga tarumbeta, sare na vyeo vya majeshi ya Wazungu, wakavitia ndani ya mashindano ya mitaa yaliyokuwapo tangu zamani. Katika vita vya 1914–1918 askari na wapagazi waliichukua bara, na baada ya vita ikaonekana pia Katanga, ambako iliitwa mbeni. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, na hivyo ngoma yenyewe ikawa njia mojawapo ya kuieneza lugha hii miongoni mwa wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali.

Jambo linalotuhusu hapa ni jinsi mbeni ilivyogharimiwa. Watazamaji wa barabarani hawakulipa kitu. Waliolipa ni wanachama wenyewe, waliotoa michango yao kwa ajili ya sare na ala, na pia kwa ajili ya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Chama kilichocheza Jumapili ndicho kilichomzika mwanachama Jumatatu. Kwa hiyo watawala wa kikoloni waliingiwa na wasiwasi: walitambua kwamba watu wanaoweza kujigharimia furaha yao wanaweza pia kujigharimia mambo mengine. Vyeo vya "mfalme" na "gavana" walivyopeana wachezaji vilichekesha wengi, lakini haviwezi kumchekesha gavana mwenyewe kwa muda mrefu.

3. Bure ya kampuni

Desturi ya pili ilitoka kwa mwajiri. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilibadili siasa yake ya kazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Badala ya kuwaleta vijana kwa mkataba mfupi na kuwarudisha makwao, iliwatia moyo wafanyakazi wakae na wake na watoto katika kambi zake. Kambini humo mambo mengi yalitolewa bila malipo ya papo kwa papo: nyumba, posho ya kila juma, matibabu, shule, na burudani pia. Palikuwa na timu za mpira, na bendi za tarumbeta.

Je, hii ilikuwa zawadi? Mfanyakazi alijua kwamba posho ni sehemu ya mshahara wake ambayo hakuulizwa kama angependa kuipokea kwa pesa. Burudani nayo ilikuwa na kazi yake katika hesabu ya kampuni: mtu anayecheza ndani ya kambi haendi kucheza nje ya kambi, na bendi iliyo chini ya mlezi haina haja ya kuchunguzwa kama mbeni. Lakini uwanja uliojengwa kwa ajili ya kuwatuliza watu unaweza kuwakusanya kwa jambo lingine. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waliogoma kudai mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira, na wanajeshi wakawafyatulia risasi mbele ya gavana wa jimbo, Amour Maron. Leonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao, aliuawa hapo pamoja na wenzake wengi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Mahali palipotolewa bure kwa ajili ya mchezo pakalipiwa kwa damu.

Ni kweli kwamba nje ya mpango wa kampuni muziki mwingine uliendelea. Wapiga gitaa wa Katanga waliimba kwa Kiswahili katika njia za mitaa na uani mwa nyumba, mbele ya yeyote aliyesimama kusikiliza. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na gitaa lililokuwa likisikika bure barabarani likaanza kusafiri duniani likiwa ndani ya sahani ya santuri. Tangu hapo swali la nani analipa na nani anapokea likawa gumu zaidi, kwa sababu muziki uliweza kumwacha mpigaji nyuma.

4. Tamasha la Zaire 74

Uwanja uliofunguliwa bure tarehe 24 Septemba 1974 ulikuwa na historia yake. Ulizinduliwa mwaka 1952 kwa jina la mfalme Baudouin, nao ni miongoni mwa kazi kubwa za padri Raphaël de la Kethulle, aliyewafundisha michezo vijana wengi wa Léopoldville. Tarehe 4 Januari 1959 watazamaji waliokuwa wakitoka humo baada ya mechi walikutana na wafuasi wa ABAKO ambao mkutano wao ulikuwa umeahirishwa, na ghasia zilizofuata ziliharakisha mwisho wa ukoloni. Chini ya Mobutu uwanja uliitwa 20 Mei, kwa kukumbuka siku chama cha MPR kilipoundwa mwaka 1967. Siku hizi unaitwa Tata Raphaël. Hivyo jina la mfalme, jina la chama na jina la mlezi yamepokezana juu ya nyasi zile zile.

Tamasha lilibuniwa na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni, pamoja na mtayarishaji wa muziki Stewart Levine wa Marekani. Lilikusudiwa kuwa utangulizi wa pigano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, lililopangwa kufanyika Kinshasa tarehe 25 Septemba. Wapenzi wa ndondi wangekuja kutoka nchi za mbali. Wangesikiliza muziki kwa siku tatu, tarehe 22 hadi 24, kisha wangeshuhudia pigano. Wageni wangelipa, na tamasha lingejitegemea.

Orodha ya wapigaji ilikuwa ya ajabu. Yalitajwa makundi 31, na kati yake 17 yalikuwa ya Zaire. Kutoka Marekani walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers na The Spinners. Celia Cruz, mzaliwa wa Cuba, alikuja pamoja na Fania All-Stars. Miriam Makeba, ambaye utawala wa ubaguzi ulimkataza kurudi kwao Afrika Kusini, aliimba pia. Wenyeji waliwakilishwa na Franco na OK Jazz yake iliyoanza mwaka 1956, Tabu Ley aliyekwisha kuimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris mwaka 1970, Abeti Masikini aliyefuata njia hiyo mwaka 1973, vijana wa Stukas, na wengineo. Waandaaji walisema wazi kwamba walitaka kuwakutanisha watoto wa Afrika waliotawanywa na utumwa na ndugu zao waliobaki. Usemi huo haukuwa maneno matupu. Watu wa Kinshasa walikuwa wamezijua santuri za Cuba tangu miaka ya 1930, na rumba yao ilikuwa imejengwa juu yake. Waliposikia muziki wa Celia Cruz walikuwa wakipokea kitu walichokuwa wamekwisha kukijibu kwa namna yao.

Kisha likatokea jambo lililovunja hesabu yote. Siku chache kabla ya tamasha Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, na pigano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wageni waliotazamiwa hawakuja. Waandaaji walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kulivunja tamasha au kuliendesha bila wale waliotegemewa kulilipia. Wakaamua kuliendesha.

Siku za kwanza sehemu za uwanja zilibaki wazi. Bei ya tiketi ilikuwa imepangwa kwa mfuko wa mgeni, si kwa mfuko wa mkazi wa Matonge au wa Kintambo. Mkazi huyo aliweza kumsikiliza Franco katika baa ya mtaani kwa gharama ya chupa ya bia, na huko angekaa karibu zaidi na jukwaa. Kwa hiyo wengi hawakuja. Usiku wa mwisho kiingilio kikaondolewa, watu wakaja, uwanja ukajaa. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni watu 80,000.

Tusiliruke jambo hili upesi. Masimulizi mengi hueleza kufunguliwa kwa milango kama ukarimu wa mtawala. Sisi tunaliona kwa upande wa pili pia. Kabla ya dola kutoa, wananchi walikuwa wamekwisha kunyima: walinyima kuwapo kwao. Uwanja ulio nusu mtupu, mbele ya kamera za filamu na waandishi wa habari wa dunia nzima, ni aibu kwa Serikali iliyotaka kuonyesha taifa lenye furaha. Umma usio na pesa ulikuwa na kitu kimoja cha thamani ambacho waandaaji hawangeweza kukinunua mahali pengine, nacho ni umma wenyewe. Siku mbili walikitia bei, na siku ya tatu bei yao ikakubaliwa.

5. Waliolipa

Sasa turudi kwenye swali la malipo. Ni vizuri kutenganisha mifuko miwili ambayo kumbukumbu za watu huichanganya, yaani mfuko wa pigano na mfuko wa muziki.

Pigano lilidhaminiwa na Serikali ya Zaire. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, jumla dola milioni 10, ambazo kwa kiwango rasmi cha wakati ule zilikuwa zaire milioni 5. Fedha za kigeni za Serikali zilitoka kwa sehemu kubwa katika madini, na zaidi katika shaba ya Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi ya Union Minière iliyotaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967. Jimbo letu lilikuwa likiitwa Shaba. Jina hilo la Kiswahili lilisema waziwazi lilichotazamiwa kutoa. Mwaka 1974 migodi hiyo ilizalisha kuliko ilivyowahi kuzalisha, lakini bei ya shaba katika soko la London, iliyofikia kilele chake katika miezi ya Aprili na Mei, ilikuwa imeanza kuporomoka, na kabla ya mwisho wa mwaka ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Mwezi Juni 1976 Zaire ilifika mbele ya wadai wake wa Klabu ya Paris kuomba muda zaidi wa kulipa madeni.

Haifai kudai kwamba ndondi ndiyo iliyoifilisi nchi. Dola milioni 10 zilikuwa kidogo zikilinganishwa na gharama ya njia ya umeme ya Inga–Shaba, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, na kikubwa zaidi ni kile kilichoharibika baada ya mashamba na maduka ya wageni kugawiwa kwa wateule kuanzia tarehe 30 Novemba 1973. Lakini mwanahistoria hatafuti kiasi peke yake. Anatafuta pia mwelekeo. Fedha zilitoka chini ya ardhi ya Kolwezi na Likasi, zikapita Kinshasa, zikaishia mikononi mwa wageni. Furaha ikaonekana Kinshasa, na jina likabaki kwa Mobutu. Mchimbaji wa Kolwezi, aliye mbali na uwanja ule kwa zaidi ya kilomita elfu moja, alichangia bila kualikwa.

Muziki ulikuwa na mfuko mwingine. Fedha za kuendeshea tamasha zilitoka kwa kundi la wawekezaji wa Liberia waliotarajia kupata faida katika tiketi na filamu. Walipokosa wageni walikosa tiketi, na filamu nayo ikanaswa katika mabishano ya fedha na ya sheria. Hivyo kiingilio kilipoondolewa usiku wa tarehe 24, aliyetoa na aliyeshukuriwa hawakuwa mtu mmoja. Mfadhili aliyepoteza mali yake hatajwi sana. Rais aliyefungua milango ndiye anayekumbukwa. Kutoa mali ya mwingine ni ustadi wa zamani sana wa watawala, nao haukuanzia kwetu.

6. Bure isiyo huru

Pamoja na hayo, tungekosea kama tungeuona usiku ule kuwa hila ya Serikali tu. Ili kuupima kwa haki, yatupasa kuuweka karibu na jambo jingine la miaka ile ile, yaani michezo ya siasa iliyoitwa animation politique.

Wasomaji wenye umri mkubwa wanaifahamu vizuri. Wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na wa viwanda, akina mama wa mitaa, wote walipangwa katika vikundi vya kuimba na kucheza kwa kumsifu Kiongozi. Nyimbo za makanisa na za ukoo zilibadilishwa maneno yake. Kila kampuni kubwa ilitakiwa kuwa na kikundi. Hapakuwa na kiingilio, na waliocheza hawakulipwa. Kwa jicho la mtu wa mbali, hizo zilikuwa sherehe za muziki wa bure kama nyingine. Lakini mfanyakazi aliyekosa kuhudhuria aliandikwa jina, na mwanafunzi aliyefunga mdomo aliulizwa sababu. Tena palikuwa na Salongo, kazi ya umma isiyo na mshahara. Hapo uso wa pili wa neno bure ulionekana wazi: mtu alicheza bure na kulima bure, na vyote viwili aliambiwa ni upendo wa nchi.

Tukitumia kipimo cha huru, tofauti inajitokeza. Katika animation mtu hakuweza kukataa. Katika tamasha la Zaire 74 aliweza, na siku mbili wengi walikataa. Katika animation wimbo ulikuwa na jina moja la kusifiwa; jukwaani tarehe 24 palisimama watu ambao Mobutu hakuwaumba. Makeba alikuwa na vita vyake dhidi ya ubaguzi wa rangi. James Brown aliimba habari za heshima ya mtu mweusi aliyezaliwa mbali na chama chochote cha Kinshasa. Franco alikuwa fundi wa kusema mambo mawili kwa maneno ya mtu mmoja: aliisifu Serikali alipotakiwa, na alijua kuichoma pia. Dola ilifungua milango, lakini haikuweza kuamuru kila mmoja atakachosikia baada ya kuingia. Mtu aliyezoea ngoma ya kupokezana alikuja na mazoea hayo. Alijibu, alipiga makofi, alicheza, na kwa njia hiyo alilipa kwa namna aliyoijua. Alichopokea hakikuwa sadaka.

Kwa hiyo usiku ule unakutanisha desturi zote tulizozitaja. Ulikuwa na kitu cha kampuni, kwa kuwa ulikusudiwa kuwatuliza na kuwaonyesha watu. Ulikuwa na kitu cha chama, kwa kuwa sifa ilielekezwa kwa mmoja. Na ulikuwa na kitu cha ngoma, kwa kuwa walioingia hawakukubali kuwa watazamaji tu. Anayetaja kimoja na kuviacha vingine hajaueleza usiku wenyewe.

7. Kumbukumbu na deni lililobaki

Malipo ya mwisho ni ya kumbukumbu, na hapa ndipo neno bure linapouma zaidi. Picha za filamu zilizochukuliwa mwaka 1974 zilikaa ghalani miaka mingi. Filamu ya Leon Gast, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar; lakini katika filamu hiyo pigano ndilo lenye kiti cha mbele. Filamu inayohusu tamasha lenyewe, Soul Power, iliyotengenezwa na Jeffrey Levy-Hinte, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008. Na mkusanyo wa nyimbo za wasanii wa Kiafrika waliopiga katika tamasha hilo, akiwamo Franco, Tabu Ley, Abeti na Makeba, ulitolewa mwaka 2017. Wakati huo Abeti, Franco, Makeba na Tabu Ley walikuwa wamekwisha kufariki. Waliokuwa wengi katika orodha ya wapigaji, na waliokuwa wenyeji wa nyumba, walisubiri miaka 43.

Umma nao umebaki katika filamu kama nyuso. Tunawaona wakicheka, wakicheza, wakitazama jukwaa. Hatusikii walichosema njiani wakirudi nyumbani Jumanne ile, ilhali kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Hati za Serikali hazitatueleza. Hati za waandaaji zinahesabu tiketi, na usiku wa bure hauna tiketi za kuhesabu. Hapa ndipo mtu asiyelipa anapopotea mara mbili: haingii katika daftari la mapato wala katika daftari la historia.

Kazi ya kulijaza pengo hilo inatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili katika Kongo. Muziki wa bure haukwisha mwaka 1974. Baadaye kampuni za bia zilikuwa wafadhili wakubwa wa maonyesho ya wazi, na waimbaji walizoea kutaja majina ya wakubwa ndani ya nyimbo ili walipwe, desturi ambayo Kilingala huiita kutupa jiwe. Wanasiasa nao hujua kukodi bendi wakati wa uchaguzi. Katika kila hali hizi maswali ni yale yale, nasi tunayapendekeza kwa mwanafunzi atakayekwenda Kamalondo, Ruashi, Likasi au Kolwezi kuwahoji wazee. Nani aliyewaita? Nani aliwalisha wapigaji? Nani alisimama mlangoni? Wimbo ulimtaja nani? Ungeweza kutokwenda, na usingeulizwa kitu? Na ulipokwenda, ulitoa nini?

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalotenga bure na huru. Swali la sita ndilo linaloheshimu. Mtu akiulizwa alichopewa, atajibu kama mpokeaji. Akiulizwa alichotoa, atakumbuka kwamba hata yeye alikuwa miongoni mwa waliolipa. Wazee hao wanatutoka mmoja mmoja. Waliokuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1974 sasa wamepita miaka 70, na Kiswahili chao cha kambini na cha mitaani kimehifadhi masimulizi ambayo hakuna kamera iliyoyachukua. Tusipoyakusanya sasa, watakuwa wamecheza bure, kwa maana ile ya pili.